Gari la rimoti lilikufa siku ya tatu, lawama akabeba mtoto

Mtoto wa dada yangu alipofunga shule Desemba akiwa wa nne darasani, nilimtimizia ahadi niliyompa tangu Juni: gari la rimoti. Ana miaka minane. Naishi nao hapa Dar es Salaam, yeye, mama yake, baba yake na mdogo wake wa kike ambaye wakati huo alikuwa na miezi 14.

Nilikwenda Kariakoo Jumamosi ya kabla ya Krismasi, siku ambayo mtu mwenye akili zake haendi Kariakoo. Katika duka moja la matoi, kijana muuzaji akanishushia boksi kubwa lenye picha ya gari likiruka juu ya mawe. Akaliwasha, akaliinua kwa mkono mmoja, magurudumu yakazunguka mpaka yakavuma. Taa za bluu na nyekundu zikawaka.

"Dada, hili ni la mashindano," akaniambia.

Alitaja elfu 45. Nikasema nina elfu 25. Tukakutana elfu 30, nikaondoka najiona mjanja.

Siku ya Krismasi uani kwetu palijaa watoto wa nyumba tatu. Siku ya pili gari lilianza kutoa sauti ya kusaga, kama mtu anayetafuna mchanga. Siku ya tatu jioni halikuonekana. Dada alilikuta chini ya kitanda, limeviringishwa kwenye fulana pamoja na rimoti yake.

"Kila unachoshika wewe lazima kife," dada akamwambia. "Hununuliwi kitu tena katika nyumba hii."

Mtoto akanigeukia mimi. "Mama mdogo, sikulibamiza. Lilikuwa linakwenda tu, likagoma."

Naandika habari za afya. Kazi yangu ni kuwauliza watu wazima maswali mpaka waone kero: ushahidi uko wapi, umejuaje, nani mwingine ameona. Siku ile mtoto alinipa maelezo yake kamili kwa maneno machache, nami sikumuuliza hata swali moja. Nilimjibu: "Elfu 30 ya mama mdogo haiokotwi barabarani."

Alikataa chakula, akalala amegeukia ukutani.

Fundi alipolifungua

Kesho yake asubuhi nilichukua gari na rimoti nikaenda kwa fundi redio wa mtaani kwetu, mzee ambaye ametengeneza pasi na feni zetu kwa miaka mingi. Nilimwamkia, nikamwambia mtoto ameharibu gari, kama linatengenezeka anisaidie.

Alitoa skrubu nne chini ya gari, akaondoa bodi, akakaa kimya kidogo.

"Binti yangu, njoo uone."

Kwenye mota kulikuwa na gia ndogo nyeupe ya plastiki, iliyosukumizwa tu kwenye ncha ya chuma. Ilikuwa imepasuka upande mmoja. Mota ilizunguka, gia ikabaki pale pale. Hiyo ndiyo iliyoliua gari.

Kisha akanionyesha ekseli ya nyuma. Katika gari zuri ekseli hukaa kwenye beringi, au angalau kwenye vishikizo vya chuma. Hapa ilipita kwenye tundu la plastiki tupu. Mchanga wa uani ulikuwa umelitafuna tundu hilo kwa siku tatu mpaka likapanuka, ekseli ikawa inacheza, na meno ya gia yakaacha kukamatana sawasawa. Ile sauti ya kusaga ilikuwa meno yakilika.

Waya za mota zilikuwa nyembamba kama uzi, na mmoja ulilehemiwa kwa risasi iliyokaa juu juu tu. Fundi aliugusa kwa ncha ya bisibisi ukang'oka.

"Spea yake unaijua?" akaniuliza. Sikujua. "Huijui kwa sababu haipo. Hili limetengenezwa liuzwe, halikutengenezwa lifunguliwe." Akanitazama. "Na mtoto mnamsema bure. Kwenye mchanga wetu huu lingekufa hata kama angeliendesha waziri."

Nilicheka, kisha nikaona aibu.

Betri iko wapi?

Akaniomba rimoti. Ilikuwa ndogo, ya umbo la usukani, na nyuma yake ilikuwa na kijumba cha betri bapa ya duara, ile inayokaribia sarafu kwa ukubwa. Kifuniko kilikuwa na tundu la skrubu, lakini skrubu haikuwepo. Kilishikiliwa na kimdomo cha plastiki tu. Fundi alipokigusa kikafunguka. Ndani kulikuwa kutupu.

"Betri mmeitoa?"

Nilimpigia dada. Hakuitoa. Shemeji hakuitoa.

Miezi michache nyuma nilikuwa nimeandika habari kuhusu watoto wanaomeza vitu. Daktari mmoja alinieleza jambo ambalo sikulisahau. Sarafu ikimezwa mara nyingi hupita, lakini betri ya duara ikikwama kwenye umio haingoji. Maji ya mwili huunganisha pande zake mbili, umeme ukapita, na pale inapogusa nyama hutengenezwa kemikali kali ya jamii ya kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Ndani ya saa mbili inaweza kuchoma vibaya. Inaweza kutoboa umio, ikafika kwenye njia ya hewa au mshipa mkubwa wa damu. Zile za lithiamu zenye upana wa milimita 20 na volti 3 ndizo za kuogopwa zaidi, kwa sababu ya nguvu zake na kwa sababu ukubwa wake unakwama vizuri kwenye umio wa mtoto mdogo. Hata ile ambayo haiwashi tena rimoti bado ina umeme wa kutosha kuunguza.

Nilikimbia nyumbani na ndala. Njiani nilikumbuka kwamba asubuhi ile mtoto mdogo alikataa uji, na udenda ulimtoka kuliko kawaida. Sote tulisema ni meno.

Nilimkuta kaka yake mlangoni, nikachuchumaa mbele yake. "Betri ya rimoti ilitoka lini?"

"Jana. Gari liligoma, nikadhani ni rimoti. Nikaitikisa, ikafunguka, ikadondoka. Niliitafuta nikaikosa."

"Mbona hukusema?"

Akatazama chini. "Mngesema nimeharibu na rimoti."

Sijawahi kujibiwa hivyo na mtu yeyote katika kazi yangu. Mtoto huyu alikuwa na taarifa moja muhimu kuliko zote ndani ya nyumba, na sisi ndio tuliomfundisha kuificha.

Tulichukua bajaji. Hatukumpa mtoto maji wala chakula, na hatukumtapisha. Hospitali nilisema sentensi moja tu mapokezi: "Tunahisi mtoto amemeza betri ya duara." Walituchukua mbele ya foleni. Akapigwa eksirei ya shingo, kifua na tumbo. Daktari alinieleza wakati tunasubiri kwamba kwenye picha sarafu huonekana duara moja, wakati betri mara nyingi huonyesha duara mbili, moja ndani ya nyingine.

Picha ilikuwa safi. Yalikuwa meno.

Dada alilia akiwa ameshapata habari njema, jambo ambalo wazazi wengi mtalielewa. Betri tuliipata kesho yake, imenasa kwenye mkunjo wa mkeka wa sebuleni, mahali ambapo mtoto yule hukaa kila jioni.

Usiku ule nilimwita kaka mtu, nikamwonyesha ile gia iliyopasuka, nikamweleza alichonieleza fundi, nikamwomba radhi. Aliigeuza geuza gia ile kiganjani.

"Kwa hiyo si mimi niliyeliua?"

"Si wewe."

Akaomba abaki nayo.

Dakika kumi dukani

Mwishoni mwa Januari tulichanga watu watatu, mimi, dada na shemeji, tukanunua gari jingine. Safari hii nilimwomba fundi anifundishe namna ya kulipima kabla ya kutoa hela. Nayaandika hapa kwa ajili ya mzazi mwenzangu ambaye, kama mimi, hajui gia na beringi.

Kwanza fundi alinifuta neno "mchina". Tulizoea kusema kitu kibovu ni cha China. Sehemu kubwa ya matoi ya dunia hutoka China, na eneo moja tu, Chenghai katika mji wa Shantou, linajulikana kwa viwanda vya matoi. Huko yanatoka magari ya kutupa wiki ya kwanza na yanatoka magari ambayo watu wazima huyaendesha miaka. Kwa hiyo jina la nchi halikwambii kitu. Fungua macho uliangalie gari lenyewe.

Anza na milango ya betri. Gari na rimoti, yote mawili. Kila mlango uwe na skrubu, na skrubu iwepo, imekazwa. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022, inayoitwa Sheria ya Reese kwa kumbukumbu ya mtoto wa miezi 18 wa Texas aliyefariki Desemba 2020 baada ya kumeza betri ya rimoti. Sheria hiyo inataka kijumba cha betri za duara kisifunguke kirahisi kwa vidole vya mtoto mdogo. Dukani kwetu mkaguzi ni wewe. Kama unaweza, chagua rimoti inayotumia betri za kawaida za penseli badala ya za duara.

Pili, geuza usukani kidogo sana. Jaribio hili ndilo linalotenganisha toi la kuchezea siku mbili na gari la kutunzwa. Kwenye matoi mengi ya bei ya chini, ukigusa usukani kidogo matairi yanaruka mpaka mwisho, kushoto au kulia, hakuna katikati. Kwenye gari la daraja la juu, ukigeuza kidogo tairi linageuka kidogo, kwa sababu ndani kuna mota maalumu ya usukani inayoitwa sevo. Fanya hivyo hivyo kwa mwendo: bonyeza kidogo, je, linaanza taratibu au linaruka?

Tatu, shika tairi moja moja ulitikise. Kuchezacheza kidogo ni kawaida. Likiyumba kama jino bovu, acha. Kisha zungusha kwa mkono, gari likiwa limezimwa, usikilize. Mlio laini wa gia ni sawa. Mkwaruzo, au mahali ambapo linakwama kila mzunguko, ni dalili mbaya. Muulize muuzaji kama lina beringi. Akikuuliza beringi ni nini, umeshapata jibu.

Nne, bonyeza gari kutokea juu. Kila kona ishuke na kurudi sawa na nyingine. Kisha kunja kidogo, kwa upole, mkono wa plastiki unaoshika tairi. Plastiki ya aina ya nailoni hujipinda na kurudi. Plastiki kavu hubadilika rangi ikawa nyeupe pale inapokunjwa, na hiyo itakatika ikigonga ukuta mara ya kwanza. Usidanganywe na chuma cha kung'aa. Uzito peke yake si ubora, na chuma kilichofungwa kwenye plastiki dhaifu huhamishia tu kishindo kwenye plastiki hiyo.

Tano, uliza spea. "Una gia yake? Una mota yake? Una ekseli yake?" Kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, la umbo la Porsche 934, ililiuza vipande vipande ili mnunuzi aliunge mwenyewe kwa bisibisi. Wazo hilo ndilo msingi wa magari ya aina hii mpaka leo: kitu kitavunjika, nawe utakibadilisha. Gari ambalo gia yake haiuzwi popote, lihesabu kuwa ni la kutupa, na ulipe bei ya kitu cha kutupa.

Sita, tazama betri ya gari na chaja yake. Nyingi sasa ni za lithiamu. Iwe bapa, isiwe imevimba hata kidogo, na waya zake zisiwe zimechubuka. Volti zilizoandikwa kwenye chaja zilingane na za betri. Nyumbani, chaji ukiwa macho na ukiwa karibu, juu ya vigae au sakafu ya saruji. Usichaji juu ya kitanda au kochi, wala usiku mmelala. Betri iliyovimba, iliyotobolewa au inayopata moto usijaribu kuichaji tena. Itoe nje ya nyumba.

Kelele za muuzaji zilizobaki ziache zipite: ukubwa wa boksi, taa, mlio wa honi, kasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Gari lililoinuliwa hewani litazunguka kwa kasi hata kama lina gia ya kupasuka kesho. Mwombe aliweke chini, liende, lipinde, lirudi nyuma, lisimame.

Kijana wa safari hii alinivumilia dakika zote kumi. Mwishoni akaniuliza, "Dada, wewe ni fundi?"

Kama hela haitoshi

Gari letu la pili lilitugharimu shilingi 150,000. Najua hiyo ni hela ya chakula cha siku nyingi katika nyumba nyingi, na nisingependa mzazi asome hapa akajiona amemnyima mtoto wake kitu. Kwa elfu 30 bado unaweza kupata toi la kumfurahisha mtoto. Hakikisha tu milango ya betri ina skrubu, halafu mwambie mtoto ukweli mapema: hili ni la sakafuni, halipendi mchanga, na siku moja litagoma bila kosa lako. Na gari la waya na vifuniko vya chupa bado ni gari. Likivunjika, aliyelitengeneza analijua lilivyoungwa.

Pia gharama kubwa si usalama. Magari haya mazuri yana kasi, na mengi huandikwa umri wa miaka 14 kwenda juu. La kwetu linakaa juu ya kabati. Tunaliendesha Jumapili jioni uwanjani, mtu mzima akiwepo, mdogo mtu akiwa mgongoni kwa mama yake.

Na kama kuna betri ya duara haionekani ndani ya nyumba yenye mtoto mdogo, usingoje dalili. Kutoka udenda, kukataa chakula, kukohoa, kutapika, zote zinaweza kuwepo, na zote zinaweza zisiwepo. Nenda hospitali yenye eksirei, taja neno betri ukiwa mlangoni. Usimtapishe, usimpe chakula wala maji. Wataalamu wa sumu Marekani wanaruhusu kitu kimoja tu njiani, kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja na anayeweza kumeza: asali, vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita. Lakini kama huna asali, usisimame kuitafuta.

Gari la pili limeshaharibika mara mbili. Mara ya kwanza ililika gia, tukanunua nyingine, fundi akamwachia mtoto aifunge mwenyewe. Mara ya pili ulikatika mkono wa tairi la mbele, baada ya mimi kuligonga kwenye nguzo ya goli.

Wiki iliyopita nilikuwa jikoni alipokuja amefumba kiganja. "Mama mdogo, skrubu ya mlango wa betri imelegea, imetoka. Nimeiokota kabla mtoto hajaiona."

Nikazima jiko, tukaenda kutafuta bisibisi.